Daktari, ni kweli mwanangu ana damu chafu?

SWALI: Mwanangu ana miaka 4. Tangu mchanga anajikuna kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku ndiyo balaa, asubuhi shuka lina madoa ya damu. Niliambiwa ana damu chafu, nikamnywesha dawa ya kuisafisha. Baadaye nikauziwa krimu ya kikopo. Siku ya tatu ngozi ilikuwa safi, nilipoacha vipele vikarudi vibaya zaidi. Dawa ya kumaliza kabisa ni ipi?

JIBU: Mama, maelezo yako ni ya pumu ya ngozi, na damu ya mwanao haina kosa. Naletewa watoto walionyweshwa machungu hadi wakaharisha, ngozi iko vilevile. Tatizo liko kwenye ngozi yenyewe: haishiki maji, inakauka na kupasuka, vitu vya nje vinapenya, kinga ya mwili inakurupuka, muwasho unaanza. Baadhi wamerithi upungufu wa filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi. Hilo utalisafishaje kwa kikombe cha majani?

Ya kumaliza kabisa haipo, ila wengi hupata nafuu wakikua. Mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato akitoka tu kuoga, mwili ungali na unyevunyevu, hata siku asizojikuna. Mtoto anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki. Wengine wanatumia kikopo cha gramu 50 miezi miwili, kisha wanalalamika kwamba mafuta hayasaidii!

Sasa hicho kikopo chako. Krimu isiyo na lebo inayong'arisha ngozi kwa siku tatu, naishuku kuwa na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), pengine klobetasoli, mojawapo ya zile kali zaidi. Steroidi si adui, nami naiandika kila siku, lakini kwa nguvu inayomfaa mtoto na kwa kipimo: mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Ile kali ikipakwa ovyo huchubua na kuacha michirizi isiyofutika, hulaza tezi zilizo juu ya figo zisitoe homoni zake ipasavyo, na karibu na macho hupandisha presha ya jicho. Kama ulimpaka kwa wiki kadhaa, mpeleke kwa daktari na kikopo chenyewe, hata kama kimebaki kitupu.

Nanyi wengine mnaosifiwa krimu ya namna hiyo kwa kuonyeshwa mtoto wa jirani aliyepona, subirini miezi miwili mkamwangalie tena.