Uliza mwezi kabla ya kuuliza bei

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikwenda kisiwa cha Mafia na mambo mawili kichwani: kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, na kupiga mbizi sita kwenye matumbawe ya ghuba ya Chole. Potwe sikumwona hata mkia. Mbizi sita zikawa tatu, na mojawapo ilidumu dakika kumi na mbili tu. Haya ni kwa ajili yako uliyepata cheti cha kuzamia juzi juzi na sasa unahesabu siku za likizo.

Kosa kubwa nililifanya nikiwa bado Iringa, simu mkononi. Niliuliza bei, niliuliza chakula, nikauliza kama chumba kina feni. Nilipofika Kilindoni nilimkuta mzee mmoja anashona wavu wake, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza kilichonileta. Nikamwambia nimefuata potwe.

"Kusi hili, mwanangu? Tena na bamvua?"

Hakucheka, ila sindano ilisimama. Wakala wangu wa Dar, aliyekuwa ameshapokea pesa yote, neno kusi, yaani upepo mkali wa kusini wa katikati ya mwaka, hakulitaja hata mara moja.

Potwe husogea karibu na Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, kuanzia kama Oktoba hadi Machi, wakifuata uduvi. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia waligundua kwamba wengi wao hata hawahami Mafia. Miezi mingine wanakwenda mbali kidogo na pwani, kwenye kina zaidi, wasionekane. Kwa hiyo huenda tulikuwa maji mamoja, wao chini, mimi juu ya boti natapika. Na ujue pia kwamba potwe haangaliwi na mtungi mgongoni. Unaogelea juu na miwani na mrija, basi. Kama ndiye pekee unayemtaka, cheti cha kuzamia hukihitaji.

Kuhusu matumbawe, kusi hupiga upande wa Chole, mashariki mwa kisiwa, na miamba ya nje ya ghuba ikawa haifikiki. Tukabaki ndani. Sasa ndani kuna habari ya maji kujaa na kupwa. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na yanakimbia. Yanapotoka hukokota tope la mikoko. Mbizi yangu ya kwanza tulishuka maji yakitoka, na mapezi ya mwongozaji aliyekuwa mbele yangu hatua chache tu yalikuwa yanapotea na kurudi kama mtu anayetembea kwenye moshi. Yakijaa, maji safi huingia kutoka bahari kuu, lakini mkondo wa bamvua pale Kinasi, mlango wa ghuba, si wa mtu mwenye mbizi nne maishani. Tafuta siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Kalenda ya maji ipo kwenye simu yako, au muulize mvuvi yeyote. Hana sababu ya kukudanganya, hauzi vyumba.

Mengine yaliyoniharibia yalikuwa yangu mwenyewe.

Nilitoka Iringa na mafua. Julai kwetu ni baridi, nikaona mafua si ugonjwa. Kumbe kutoka juu hadi mita 10 shinikizo la maji na hewa linakuwa maradufu, na mabadiliko makali kabisa yako kwenye mita zile za mwanzo. Mita 3 tu, sikio la kushoto likahisi kama limechomwa msumari. Nikafanya ujinga wa pili: nikajikaza, nikabana pua na kupuliza kwa nguvu. Hiyo ndiyo mbizi ya dakika kumi na mbili. Sikio husawazishwa kabla halijauma, tangu unapoanza kushuka, kidogo kidogo, miguu ikitangulia, ikiwezekana umeshika kamba ya nanga. Likikataa, panda mita moja, jaribu tena. Likikataa tena, umemaliza kwa siku hiyo. Ukiwa na mafua usishuke kabisa, wala usimeze dawa ya kuzibua pua ukadhani umepona. Nguvu yake inaweza kuisha ungali chini, ukapata taabu wakati wa kupanda.

Hewa nayo. Mtungi una bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa), unatakiwa kuanza kurudi mapema ili ufike juu na bar 50 hivi. Wenzangu hewa yao ingewatosha dakika 45; mimi dakika 25 mshale ulikuwa umeshalala. Nilikuwa natapatapa kwa mikono, na nilikuwa nimevaa risasi, vile vipande vizito vya kukuzamisha, nyingi mno kiunoni kwa sababu kijana aliyetuvalisha alikisia uzito wangu kwa macho. Kundi lilikuwa la watu sita na mwongozaji mmoja, kwa hiyo hewa yangu ilipokwisha wote tulipanda. Hakuna aliyenisema. Ungeona nyuso zao kwenye boti. Kama mwaka umepita bila kuzama, omba siku ya kujikumbusha kwenye maji ya kina kifupi, na uulize kabla ya kulipa: mwongozaji mmoja anachukua watu wangapi? Oksijeni ipo kwenye boti?

Mbizi za siku ya mwisho nilizipoteza kwa ndege. Baada ya siku kadhaa za kuzama unatakiwa ukae angalau saa 18 kabla ya kuruka, hata kwa kindege kidogo cha Dar. Mimi nilikuwa nimekata tiketi ya saa nane mchana. Bora ningerudi kwa boti ya Nyamisati, bandari ya upande wa bara.

Tozo ya Hifadhi ya Bahari nayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyotajiwa. Beba kitambulisho, raia hutozwa kidogo.

Na picha zile za rangi kali unazoziona kwenye matangazo? Chini ya mita chache rangi nyekundu inakufa. Mapezi yangu mekundu yaligeuka rangi ya tope. Picha zinapigwa na taa kali, na msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini wa mwisho na mwanzo wa mwaka.

Mbizi ya tatu, maji yakijaa, mwongozaji alimulika tochi kwenye tundu la jiwe. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, alikuwa ameachama, na kamba wadogo wawili weupe wanatembea ndani ya kinywa chake, wanamchokoa meno. Hakufumba. Nikasahau mpaka kusafisha miwani, ambayo ilikuwa inavuja tangu asubuhi kwa sababu ya sharubu zangu.

Nimeshapanga kurudi Februari, siku za maji mafu, kwa boti kwenda na kurudi. Sharubu bado sijaamua.