Saa imeacha kung'aa, radiamu haijaisha

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaishi Columbus, Ohio. Nimenunua saa ya kengele ya Westclox Big Ben, aliyeniuzia anasema ni ya miaka ya 1930. Nambari na akrabu zake zina rangi ya kahawia, nasikia zamani ilikuwa inang'aa gizani. Sasa haing'ai hata kidogo. Fundi mmoja hapa ameniambia radiamu yake imeshakufa, hivyo aikwangue kwa kisu apake rangi mpya. Nimkubalie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkubalie. Na kama saa iko kwake, kaichukue leo kabla hajaifungua.

Neno hilo "imeshakufa" naletewa karibu kila mwezi, na mafundi wanaolisema ndio wanaonipa hasira kuliko wateja, maana mteja hana wajibu wa kujua. Kilichokufa ni mwanga. Rangi ile ilikuwa mchanganyiko wa unga wa zinki salfaidi, gundi, na chembe kidogo mno ya radiamu, metali inayotoa mionzi. Radiamu yenyewe haikuwa ndiyo taa. Kazi yake ilikuwa kuupiga ule unga wa zinki usiku na mchana, na kila pigo likatoa kimwanga. Mapigo hayohayo yakauchakaza unga, mpaka baada ya miaka michache ukashindwa kutoa mwanga. Aliyepigwa amekufa, anayepiga yuko palepale. Radiamu huchukua miaka 1600 kupungua nusu, kwa hiyo saa iliyopakwa mwaka 1930 bado ina takriban asilimia 96 ya radiamu iliyotiwa siku ile.

Weka uso wa saa kama hiyo chini ya lenzi ya fundi utaona hatari ilipo. Gundi imekauka, rangi imepasuka kama tope la kiangazi, na vipande vingine vimeshadondoka kwenye magurudumu ya mashine. Ukigusa kwa ncha ya kisu, inakuwa unga. Kioo kikiwa kizima, mionzi ya alfa haitoki, hata karatasi inaizuia. Unga ukiingia puani au mdomoni, mambo yanabadilika kabisa. Mwili huifananisha radiamu na chokaa ya kujengea mifupa, ukaipeleka kwenye taya, uti wa mgongo na nyonga, na huko inaendelea kupiga kwa maisha yote ya mtu.

Tunayajua haya kwa sababu ya wasichana walioipaka. Kazi ya kupaka saa za Westclox ilifanywa na kampuni ya Radium Dial, iliyofungua kiwanda Ottawa, Illinois, mwaka 1922, katika jengo lililokuwa shule ya sekondari. Yako huenda ilipita humo. Brashi zilikuwa za manyoya ya ngamia na hazikawii kutawanyika, na nambari ni nyembamba, kwa hiyo walifundishwa kuchonga ncha kwa midomo: brashi mdomoni, kwenye rangi, kwenye uso wa saa, kisha mdomoni tena. Malipo yalikuwa kwa idadi ya saa, hivyo aliyesita alipoteza pesa. Waliambiwa haina madhara. Wengine walijipaka kwenye kucha kabla ya kwenda dansi.

Kule Orange, New Jersey, kwenye kiwanda cha US Radium, wakemia wa kampuni hiyohiyo walijikinga kwa vizuizi vya madini ya risasi na kushika radiamu kwa koleo. Wapakaji walipewa brashi tu. Mollie Maggia, mmoja wa wapakaji hao, alianza kwa kuumwa jino, taya likaoza, akafa mwaka 1922, na cheti cha kifo kikaandikwa kaswende. Mwili ulipofukuliwa mwaka 1927, mifupa yake ilikutwa na mionzi. Grace Fryer na wapakaji wenzake wanne waliishtaki kampuni, na mwaka 1928 wakakubali kulipwa dola 10,000 kila mmoja, pamoja na dola 600 kwa mwaka na gharama za matibabu.

Mwaka huohuo Radium Dial ilichapisha tangazo kwenye gazeti la Ottawa kuwatuliza watu, ikidai wafanyakazi wake ni wazima kwa sababu yenyewe hutumia radiamu safi tu. Catherine Donohue alikuwa mmoja wa wafanyakazi hao. Alishinda kesi yake mwaka 1938 na akafa mwaka huohuo.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza fundi anaposema "mimi nimekwangua nyingi na sijadhurika". Mwalimu aliyenifundisha kazi alikuwa anakwangua kwa wembe, kisha anapuliza unga kwa mdomo juu ya meza tuliyolia chakula. Radiamu haiumi siku ya kwanza. Wasichana wa Ottawa walikuwa wazima kwa miaka kabla meno hayajaanza kulegea.

Na kwa kuwa haiumi siku ya kwanza, matapeli waliipenda. William Bailey, ambaye hakuwa daktari, aliuza Radithor, maji yaliyotiwa radiamu kwenye vichupa vidogo, akisema yanarudisha nguvu mwilini. Eben Byers, tajiri wa chuma wa Pittsburgh na bingwa wa gofu wa mwaka 1906, aliumia mkono mwaka 1927, akaandikiwa maji hayo na daktari wake, akajisikia mzima, akanywa chupa zipatazo 1,400. Alikufa mwaka 1932, sehemu kubwa ya taya lake ikiwa imeondolewa.

Wauzaji wa namna hiyo hawajaisha. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi iliwaonya watu wavue vidani na bangili zilizouzwa kama kinga dhidi ya mtandao wa simu wa 5G, baada ya kuzipima na kukuta zinatoa mionzi. Mtu akikuuzia "nishati" ya kuvaa shingoni au kuchanganya kwenye maji, muulize imepimwa wapi na kwa kipimo gani. Akikujibu kwa ushuhuda wa wateja, ondoka.

Saa yako, mwanangu, iache imefungwa. Usiiweke kando ya kitanda wala mahali watoto wanapofikia, kwa sababu mionzi kidogo ya gama hupita kwenye kioo na gesi ya redoni, inayotokana na radiamu, huvuja. Iweke kwenye kabati la kioo, chumba chenye hewa. Kioo kikivunjika, usifagie wala usipulize: futa kwa karatasi yenye maji, funga kila kitu kwenye mifuko miwili, nawa mikono, kisha piga simu ofisi ya jimbo inayoshughulikia mionzi uulize pa kuipeleka. Na kama fundi yule ameshaifungua, usiichukue kwenye mfuko wa nguo. Nenda na kopo lenye kifuniko.