Re: Mfanyakazi bora ni yuleyule kila mwezi, wenzake wamenuna

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kwenye duka lako la dawa unatoa zawadi kila mwezi, na miezi minne mfululizo kachukua yuleyule aliyeuza zaidi, wengine wamenuna. Cha kwanza angalia unapima nini, maana ukipima mauzo tu zamu ya jioni itashinda daima, wateja ndo wamejaa muda huo.

Mimi nilikwama hapohapo. Siku moja nikamkuta dada wa zamu ya asubuhi anamchorea mzee asiyejua kusoma jua na mwezi kwenye boksi za dawa, ajue ipi ya asubuhi ipi ya usiku, na kwenye hesabu zangu huyo dada ndo alikuwa wa mwisho! Iliniuma sana. Tangu hapo kaunta kuna daftari, mteja anaandika alivyohudumiwa na nani, au anasimulia tunamwandikia, na mimi namshukuru mfanyakazi huyo siku hiyohiyo mbele ya wenzake, nataja kabisa alichofanya, sio "kazi nzuri" basi. Elfu kumi naituma kwenye simu yake kabla hajatoka zamu. Usisubiri Mei Mosi wala Wiki ya Huduma kwa Wateja ya Oktoba, mbali mno. Wa stoo na usafi waulizie kwa wenzao, mteja hawaoni.