Maswali yenu: Kutoka Ondiri hadi Sabaki

Mambrui: Eti Sabaki na Athi ni mto mmoja?

Ni mmoja. Nimelijibu hili mara nyingi, nalirudia kwa kuwa mwenye kulikosea hukosea na mengine yote. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, mjini Kikuyu. Hukata jiji, hupokea maji ya mito ya Mathare na Ngong, hupita kando ya jalala la Dandora, kisha huingia Athi kabla ya maporomoko ya Fourteen Falls. Athi huteremka Ukambani hadi ukutane na Mto Tsavo, na hapo jina linakuwa Galana. Ukikaribia pwani ndio Sabaki, unaomwaga maji baharini kaskazini ya Malindi. Anayetupa taka Korogocho, Nairobi, anawatupia watu wa Mambrui, huko pwani.

Malindi: Bahari yetu hugeuka nyekundu wakati wa masika. Ni maji taka ya Nairobi?

Huo wekundu ni udongo. Mashamba yanalimwa hadi ukingoni, miti inakatwa kwa makaa, na mvua ya kwanza hukuta ardhi iko uchi. Udongo huo hutua juu ya matumbawe na nyasi za baharini, ukazinyima mwanga. Lakini maji taka hayakupi rangi ya kukuonya, kwa hiyo usiridhike maji yakitakata.

Thika: Nijenge mita ngapi kutoka mtoni?

Kanuni za mwaka 2006 ziliweka mita 6 hadi 30 za kuachwa wazi, zikipimwa kutoka mafuriko ya juu kabisa yaliyowahi kufika, si kutoka ukingo unaouona wakati wa kiangazi. Wengi wenu mnaoniuliza mmeshajenga, mnatafuta ruhusa. Sitoi. Mafuriko ya 2024 yaliwaua wapangaji wa mtaa wa Mathare, nao hawakuchagua pa kujenga.

Machakos: Nipande mikaratusi ukingoni?

Usipande. Panda mianzi.

Athi River: Nikichemsha maji ya mto, si yatosha?

Hayatoshi, na swali hili hunitia hofu kila likija. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Madini ya sumu kama risasi na zebaki hayaondoki kwa moto; maji yakipungua sufuriani, sumu iliyobaki huzidi ukali. Mto Ngong hupita eneo la viwanda, na jalala la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, ilhali malori yanaendelea kumwaga. Kinga maji ya mvua unywe hayo. Na sukuma wiki iliyonyweshwa maji ya mfereji wa taka, kuiosha husafisha juu tu. Kilichopandia mizizini kimo ndani ya jani.

Nairobi: Vijana wetu huokota plastiki mtoni kila Jumamosi, lakini mto haubadiliki.

Msiache. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira alionyesha kuwa ukingo waweza kurudi kuwa bustani. Ila mnaokota kinachoelea, na mabomba ya choo yanaingia mtoni usiku na mchana. Siku ya kwenda mtoni, nendeni na kamera pia, mpige picha kila bomba, mwandike jina la mtaa, mpeleke NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira. Mkinyamaziwa, rudini wiki ijayo.

Mombasa: Sisi mto huo watuhusu nini?

Sehemu ya maji ya bomba lenu hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya Sabaki.