Baba amegoma kulipa ada ya chuo, nimshtaki?

Wiki hii inbox imejaa ada tu, na sishangai, matokeo ya form six yakishatoka kuna nyumba watu hawaongei. Nimechagua maswali manne, matatu ya hapa Bongo na moja la mdau wa Marekani.

Swali: Nina miaka 19, nimepata division two. Mzee ana fuso mbili za mizigo ila anasema kazi yake iliishia form six. Naweza kumpeleka mahakamani?

Kumpeleka unaweza, kushinda ndo shughuli. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu ni wajibu wa mzazi, sio hisani, lakini mtoto kwa sheria hiyo hiyo ni mtu ambaye hajafika miaka 18 na we ulishavuka. Kuna mlango mmoja umeachwa wazi, mahakama inaweza kuendeleza amri ya matunzo hata baada ya 18 kama mtoto bado anasoma au yuko kwenye mafunzo, na mtoto mwenyewe anaruhusiwa kupeleka hayo maombi. Sasa soma vizuri hapo: kuendeleza. Maana yake kitu kiwe kilishakuwepo. Kama wazazi wako wako pamoja na hakuna aliyewahi kufungua shauri la matunzo, unataka kuendeleza nini? Nisikudanganye, ningekuwa wewe ningeanza na baba mdogo au shangazi ambaye mzee akimwona anatulia, kabla sijamtafuta wakili, hela yenyewe ya wakili si ungelipia semista.

Swali: Baba wa mwanangu analipa matunzo kwa amri ya mahakama. Mtoto anatimiza 18 mwezi wa tatu akiwa form six, na jamaa ameshaniambia siku hiyo hiyo anafunga bomba.

Dada, umefanya la maana kuuliza mapema. Amri ya matunzo kwa kawaida inakufa yenyewe mtoto akifikisha 18, hahitaji hata kuiomba ife, ndo maana jamaa anajiamini. Usingoje birthday. Rudi mahakama iliyotoa amri uombe iendelee kwa sababu mtoto yuko masomoni, beba barua ya shule, na akishadahiliwa chuo peleka na barua ya udahili pamoja na mchanganuo wa ada. Ukikwama kuandika maombi pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yenu. Jiandae pia kuulizwa kipato chako, maana wanaangalia uwezo wa wazazi wote wawili. Na tafadhali, screenshot za matusi yake ziache nyumbani, hakimu anataka risiti.

Swali: Nikiomba mkopo Bodi si watasema baba ana uwezo, wakati hatoi hata mia?

Bodi ya Mikopo inapima uhitaji, kwahiyo hilo linaweza kukugusa kweli, ila usijaribu kumuua mzee kwenye fomu, cheti cha kifo kinahakikiwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Omba tu, jaza ukweli. Ujue tu deni ni lako sio la baba, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Afadhali ile asilimia 6 waliyokuwa wanaongeza juu ya deni kila mwaka, eti kutunza thamani ya mkopo, ilifutwa 2021, waliotutangulia ilikuwa deni halishuki.

Swali: Niko New Jersey, tumetalikiana na mama watoto, anasema lazima nichangie college. Ananitisha?

Hakutishi kaka. Majimbo mengi ya Marekani hayamlazimishi mzazi, ila umeangukia penyewe: kwenye kesi ya Newburgh v. Arrigo ya 1982 mahakama kuu ya jimbo lenu ilisema mzazi aliyetalikiana anaweza kuamriwa achangie chuo, wakipima mambo kibao, kipato chako, gharama za chuo chenyewe, misaada anayoweza kupata mtoto, mpaka uhusiano wako na huyo mtoto. Kichekesho ni kwamba mngekuwa bado mnaishi pamoja kwenye ndoa hakuna ambaye angekulazimisha. Kabla ya kubishana naye kwenye simu, toa makaratasi ya talaka usome ulisaini nini kuhusu college, halafu umtafute wakili wa huko huko.