Mtendaji mgeni na kikombe cha chai

Wadogo zangu, watendaji wapya wa vijiji mliopangiwa Kasulu na Buhigwe huku Kigoma, poleni na safari. Mapato, mihtasari na migogoro ya mashamba mtafundishwa na wengine. Mimi naongea habari ya roho za watu, maana ndiyo iliyonitoa jasho.

Mwaka wangu wa pili kazini walikuja kamchape. Wenyeji mnawajua: vijana wanaojidai kufichua wachawi. Kila kaya inachangishwa, kisha wanafukua uani kwa mtu na kuinua pembe waliyokuja nayo wenyewe. Safari ile ilifukuliwa kwa bibi mmoja mjane. Ushahidi mwingine? Macho mekundu. Ungeingia jikoni kwake ungekuta kuni mbichi na chumba kisicho na dirisha. Nilitoka mbio, ndala mkononi, nikamtoa. Nikasifiwa sana.

Miezi michache baadaye, asubuhi, nikaitwa: kakamatwa mwizi wa kuku. "Mkimbizi tu wa Nyarugusu." Kambi ile ipo tangu 1996, watoto wamezaliwa pale wakakua, lakini hiyo "tu" haijatutoka mdomoni. Nilikuwa na chai na muhogo wa kuchemsha. Nikamalizia. Dakika kumi, labda kumi na tano. Nilipofika, jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe na tairi limeshaletwa. Na kwenye lile duara alikuwamo yule bibi, kashika ukuni.

Aliyepigwa alipona, ila si kwa mbio zangu.

Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Jamii, siyo polisi peke yao. Kwenye semina moja padri alitusimulia habari za Kadinali Joseph Bernardin wa Chicago, aliyeanza 1983 kufundisha kwamba mtoto aliye tumboni, mgonjwa mahututi, aliyehukumiwa kifo na raia wanaolengwa vitani wote wanadai heshima ileile. Tulibishana mpaka jioni, hasa juu ya kunyonga, maana sheria yetu bado inayo adhabu hiyo ingawa tangu 1994 hajanyongwa mtu. Nani alishinda sikumbuki. Nilikuwa nawaza kile kikombe.

Basi ukiitwa, usiulize kaiba nini wala katokea wapi. Nenda. Ukifika, muulize jina lake mbele ya watu, ulirudie kwa sauti; nimeona mikono ikishuka. Usiende peke yako, mpitie mwenyekiti wa kitongoji au mzee anayeogopwa, la sivyo utapigwa wewe. Majeruhi atangulie zahanati kwa bodaboda yoyote, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, imfuate huko. Nauli toa wewe. Kurudishiwa, sahau.

Bibi yule bado tunasalimiana njiani. "Mwakeye," nami naitikia. Hajawahi kunieleza habari ya ule ukuni, na mimi ya chai sijamwambia.