Maswali na majibu: Babu kaacha kwenda barazani, tumpime masikio?

Ujumbe mwingi wa wiki hii ni wa masikio. Nimechagua mitano, na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Shikamoo. Babu yetu hapa Makorora, Tanga, alikuwa hakosi kahawa ya jioni barazani. Sasa hatoki. Redio anaifungulia mpaka majirani wanalalamika, lakini mkikaa wawili chumbani mnazungumza vizuri tu. Mama anasema anajifanya. Tumpeleke kupimwa? — Mjukuu

Marahaba mwanangu. Mpelekeni. Na mwambie mama, kwa adabu, kwamba babu hajifanyi.

Usikivu wa uzeeni huanza kupungua kwenye sauti nyembamba. Sauti nene kama o na u zinaendelea kuingia, ila s, f na sh zinapotea. Kwa hiyo babu anasikia kwamba mtu anasema, lakini hapati anachosema: wewe umesema "shika", yeye kapata "fika". Mkiwa wawili chumbani anakuangalia midomo na kukisia yaliyompita. Barazani wanasema watu wanne kwa mpigo, vikombe vinagongana, bodaboda zinapita, atakisia lipi? Anacheka kwa kuwa wenzake wamecheka, anajibu asiloulizwa, nao wanamcheka. Mtu mzima na heshima zake, yakimfika hayo mara kadhaa, ataona bora abaki ndani.

Mimi huko kubaki ndani ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko redio. Upweke unavunja moyo, unaondoa usingizi na hamu ya kula. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kupunguzwa, na kupungua kwa usikivu ni miongoni mwa yale makubwa. Haina maana kwamba kila asiyesikia vizuri atasahau watu wake, hata kidogo. Lakini kama lipo la kufanya, kwa nini tulikalie?

Kipimo chenyewe hakiumi. Kwanza daktari anachungulia ndani ya sikio, maana huenda ni nta tu imeziba. Ikiwa ni hiyo, itatolewa na mambo yaishe. Kama siyo, babu ataketi mahali penye utulivu, avalishwe hedifoni na kupewa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio, hata ukiwa mdogo vipi. Majibu huchorwa kwenye karatasi: duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya buluu ni la kushoto. Ombeni nakala muitunze, ili akipimwa tena baadaye ijulikane kimebadilika nini.

Anzieni hospitali ya Bombo, muulizie daktari wa masikio, pua na koo. Akiandikiwa kifaa cha kusaidia kusikia, mvumilieni. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kukizoea, na siku za mwanzo hata ufagio uani utamkera. Wengi hukitupa kabatini wakati huo huo. Nanyi mkizungumza naye, kaeni mbele ya uso wake, zimeni redio, semeni taratibu. Kumpigia kelele hakusaidii.

Kusafisha masikio, unyoya wa kuku ni bora kuliko vijiti vya pamba? — Msomaji, Pangani

Vyote viwili, hapana. Nta hutoka yenyewe. Ukiingiza kitu unaisukuma ndani zaidi, au unatoboa kiwambo, ile ngozi nyembamba ndani ya sikio. Futa sikio la nje kwa kitambaa, basi.

Nafanya kazi kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, Muheza. Jioni masikio yanavuma, asubuhi yametulia. Yakitulia si nimepona? — Kijana wa mkonge

Hujapona, kaka. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Mvumo wa jioni ni dalili kwamba zimechoshwa. Leo zinaamka, lakini ipo siku baadhi hazitaamka.

Kelele za desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 ndicho kiwango ambacho wataalamu wengi huanzia kuhesabu hatari. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unapungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Huna haja ya mashine kujua. Kama mwenzako yuko umbali wa mkono nawe na bado inabidi upaze sauti, kelele imezidi.

Dai vikinga masikio, na dai kupimwa usikivu kila mwaka. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi walio kwenye kazi za hatari, kwa hiyo hilo usiliombe kama fadhila. Madhara ya kelele kwa kawaida huanzia kwenye sauti nyembamba, za hezi 4000 hivi (yaani mitetemo 4000 kwa sekunde), na kipimo huyaona kabla wewe mwenyewe hujahisi lolote.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu, anasema maneno matatu tu. Sikio linatoa usaha kila mara. Bibi yake anataka tulitilie mafuta ya nazi ya vuguvugu. — Mama, Sahare

Mafuta hapana, dada, wala maziwa ya mama. Usaha ukitoka, aghalabu kiwambo kina tundu, na utakachotia kitapita mpaka ndani. Likaushe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, maji yasiingie akioga, umpeleke hospitali wiki hii. Na sema wazi kwamba hajaanza kuongea vizuri, ili apimwe usikivu pia. Usihofu kwamba ni mdogo: kuna kipimo kinachofanywa mtoto akiwa amelala.

Nimeamka sikio moja limezima, haliumi. Leo siku ya pili. Nasubiri lizibuke. — Mvuvi

Wewe sikukusubirisha, nilikupigia usiku ule ule. Naliandika kwa wengine: sikio likizima ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, hiyo ni dharura. Dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa siku za mwanzo. Zikipita wiki mbili, matumaini hupungua sana. Ukifika mapokezi usiseme "sikio linanisumbua", watakuweka kwenye foleni ya kawaida. Sema, "Sikio limeacha kusikia ghafla tangu juzi."